Nyumba za ardhini jangwani: Chimba kwanza, nunua baadaye

Katika nchi za jangwa, kifaa cha ujenzi chenye bei ndogo kuliko vyote ni kile kilichopo chini ya miguu ya mwenye kiwanja. Kinachompandishia gharama ni vitu vinavyofika kwa lori: saruji, nondo, mbao na mabati. Kila kilometa ya barabara huviongezea bei. Ndiyo maana watu wa majangwa mbalimbali duniani, wasiojuana kabisa, walifikia uamuzi unaofanana: kuishi ndani ya ardhi, au kujenga juu na kuifunika nyumba kwa udongo.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria nyumba ya kuishi, ya kupangisha au ya wageni katika eneo kavu, swali la kwanza ni la hesabu. Ni vifaa gani vichimbwe papo hapo, na ni vipi vinunuliwe? Mifano ya Australia, Tunisia, Misri na Marekani inaonyesha kuwa waliochagua vizuri walipata nyumba yenye ubaridi kwa gharama ndogo. Waliokosea walipoteza nyumba nzima kwa mvua ya siku chache.

Mji uliochimbwa

Mji wa Coober Pedy uko Australia Kusini, kiasi cha kilometa 850 kaskazini ya Adelaide. Opali, jiwe la thamani linalotumika katika mapambo, iligunduliwa hapo mwaka 1915. Wachimbaji waliofika walikuta nchi isiyo na miti ya kujengea wala maji ya kutosha. Walichokuwa nacho kwa wingi ni mashimo, wakaanza kuishi humo. Mpaka leo sehemu kubwa ya wakazi wa mji huo, ambao hawafiki 2,000, wanaishi chini ya ardhi.

Wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Ndani ya nyumba hizo hali hubaki kwenye nyuzi ishirini na kitu mwaka mzima, bila kiyoyozi.

Siri yao ni aina ya mwamba. Jiwe la mchanga la Coober Pedy ni laini kiasi cha kukatwa kwa mashine za kuchimbia migodi, na wakati huo huo ni gumu kiasi cha kusimama lenyewe. Mchimbaji anaacha ukuta mnene kati ya chumba na chumba, na ukuta huo ndio nguzo, ndio tofali na ndio dari. Vitu vya kununua vinabaki vichache: ukuta wa mbele wenye mlango na madirisha, mabomba ya kuingiza hewa kutoka juu, nyaya za umeme, na dawa ya kupaka ukutani ili vumbi lisidondoke.

Mhasibu akifungua daftari la nyumba ya namna hii ataona fungu kubwa liko kwenye kazi ya kuchimba, na fungu la vifaa ni dogo. Kuongeza chumba ni kukodi mashine kwa siku chache. Wapo waliokutana na opali wakipanua nyumba zao, lakini hiyo ni bahati, na hakuna anayeweza kuiandika kwenye mpango wa biashara.

Hata hivyo mfano huu hauhamishiki kila mahali. Coober Pedy hupata mvua ya kiasi cha milimita 150 tu kwa mwaka. Dodoma, ambayo nasi tunaiita nchi kavu, hupata karibu mara nne ya hiyo, na nyingi hushuka kwa miezi michache. Shimo linalodumu miaka mia moja kwenye mwamba mkavu wa Australia linaweza kujaa maji msimu mmoja kwenye udongo mwekundu wa Afrika.

Ardhi inatoa wastani

Kabla ya kuchagua vifaa, mwekezaji lazima ajue ardhi yake inauza nini. Joto la mchana huingia ardhini polepole sana. Ukishuka chini kidogo tu, tofauti ya usiku na mchana haionekani tena. Ukishuka mita kadhaa, hata tofauti ya miezi ya joto na miezi ya baridi inakaribia kwisha. Kinachobaki ni joto linalokaribia wastani wa hewa ya mwaka mzima mahali hapo.

Kwa hiyo wastani ndio bei ya kuanzia. Mahali ambapo mchana unawaka na usiku ni wa baridi kali, au kiangazi ni cha moto na kipupwe ni cha baridi, wastani huwa wa kupendeza na shimo lina faida. Dodoma wastani wake ni kama nyuzi 23, jambo ambalo lingempa mkazi wa chini ya ardhi chumba kizuri.

Lodwar, kaskazini ya Kenya, mambo ni mengine. Wastani wa mwaka huko unakaribia nyuzi 30, kwa kuwa hata usiku hakupoi sana. Anayechimba Lodwar atakwepa jua la saa nane mchana, lakini hatapata chumba cha baridi. Fedha zake zingefanya kazi zaidi kwenye kivuli, kuta nene, paa lenye tabaka mbili na madirisha ya kupitisha upepo. Mwekezaji anayenunua wazo la nyumba ya ardhini bila kuuliza wastani wa joto ni sawa na anayenunua gunia bila kulifungua.

Mvua haitangazi

Matmata, kusini mwa Tunisia, ni mfano wa pili. Waberberi wa huko walichimba ua mpana kwenda chini mita kadhaa, kisha wakatoboa vyumba kwenye kuta za ua huo. Mtu anaingia kwa njia ya handaki lenye mteremko. Udongo wake unachimbika kwa sururu, na ukiwa mkavu unasimama bila kudondoka. Vitu vilivyotoka nje ya shimo vilikuwa chokaa ya kupaka vyumba rangi nyeupe, na mbao za mtende na mzeituni kwa milango na rafu. Ni vigumu kupata nyumba yenye orodha fupi ya manunuzi kuliko hiyo.

Mwaka 1969 mvua kubwa ilinyesha kusini mwa Tunisia. Ua uliochimbwa chini unageuka kisima maji yakipata njia, na udongo uliokuwa imara ukiwa mkavu ukalainika. Nyumba nyingi ziliporomoka. Familia nyingi zilihamia mji mpya uliojengwa kwa matofali ya kawaida juu ya ardhi. Baadhi ya mashimo yaliyosalia yaligeuzwa nyumba za wageni. Mojawapo, hoteli ya Sidi Driss, ilijipatia jina duniani baada ya kutumika katika sinema ya Star Wars, ambayo picha zake za Tunisia zilipigwa mwaka 1976. Kitu kilichoonekana kuwa cha kimaskini kikawa bidhaa ya utalii.

Mfano wa tatu ni mkali zaidi. Katika oasisi ya Siwa, magharibi ya Misri, watu walijenga kwa matofali ya chumvi na udongo yaliyochukuliwa kandokando ya maziwa ya chumvi. Kifaa hicho huitwa kershef. Kinapatikana bure, kinashikana kama saruji kikikauka, na kinazuia joto vizuri. Mji wa ngome wa Shali ulijengwa kwa kershef na ukasimama kwa karne nyingi. Mwaka 1926 mvua ikanyesha kwa siku tatu mfululizo, chumvi ikayeyuka, na sehemu kubwa ya mji ikaharibika kiasi cha wakazi kuuhama.

Hapa ndipo neno "kifaa cha hapa hapa" linapohitaji kuchunguzwa. Kitu kupatikana karibu ni sifa ya bei. Uimara wake ni sifa nyingine, inayopimwa peke yake. Jangwani mvua kubwa inaweza kukosekana kwa miaka ishirini, na mwenye nyumba akasahau. Ikija, inafanya ukaguzi wa siku tatu na haisikilizi utetezi.

Ndiyo sababu fedha ya kwanza ya kutoka mfukoni katika nyumba ya namna hii iende kwenye kuzuia maji: nailoni nzito au lami nyuma ya ukuta unaogusana na udongo, kokoto na bomba la kuondoa maji kwenye msingi, na mfereji wa kuyageuza maji ya mlima kabla hayajaifikia nyumba. Vitu hivi vikishafukiwa, kuvirekebisha ni kuchimbua upya. Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta hapa unageuka: asiyeziba kabla ya kufukia ataufukua ukuta mzima.

Paa lenye uzito wa lori

Ikiwa ukuta unaweza kutoka kwenye shimo, paa ndilo linalomrudisha mjenzi dukani. Hesabu yake ni rahisi. Meta moja ya ujazo ya udongo mkavu ulioshindiliwa kiasi ina uzito wa karibu kilo 1,600. Tabaka la sentimeta 40 juu ya paa ni kilo 640 kwa kila meta ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina meta 12 za mraba, hivyo dari yake inabeba zaidi ya tani 7 na nusu. Hilo ni fuso lililojaa mzigo, limeegeshwa juu ya kitanda. Udongo ukilowa kabisa, mzigo unaweza kukaribia tani 10.

Mabati na kenchi za kawaida haziwezi mzigo huo. Njia zilizopo ni tatu.

Ya kwanza ni boriti. Tembe za Wagogo wa Dodoma ziliezekwa hivyo: nguzo, boriti, fito, kisha udongo juu, na nyumba ikawa fupi na yenye kuta nene. Wairaqw wa Mbulu, ambao nchi yao ni ya baridi, walichimba nyumba zao kwenye miteremko na kufunika paa kwa udongo. Ujuzi huo tunao, lakini ulitegemea miti mingi na migumu. Siku hizi miti hiyo ni haba na ghali, na mchwa anaipenda. Mwenye kuchagua boriti aweke kwenye hesabu dawa ya mchwa na fedha ya kuzibadilisha.

Ya pili ni zege lenye nondo. Ni imara likichorwa na mhandisi, lakini ndilo linalokula akiba yote iliyopatikana kwenye kuta. Meta moja ya ujazo ya zege la namna hiyo humeza mifuko sita au saba ya saruji ya kilo 50, mbali na nondo, kokoto na maji safi. Jangwani maji nayo hununuliwa.

Ya tatu ni paa la kuba refu la matofali ya udongo, kama la Wanubi wa kusini mwa Misri. Mafundi wao huegemeza kila mstari wa matofali kwenye mstari uliotangulia, wakaendelea hivyo mpaka chumba kimefunikwa bila mbao za kushikilia. Msanifu Hassan Fathy wa Misri aliwatumia mafundi hao katika kijiji cha New Gourna karibu na Luxor kuanzia miaka ya 1940, baada ya mbao na chuma kuadimika kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Tangu mwaka 2000 shirika la La Voûte Nubienne limekuwa likifundisha ujenzi unaofanana na huo Burkina Faso na nchi jirani za Sahel. Kuba lina gharama ndogo ya vifaa na gharama kubwa ya ujuzi. Kuta zake lazima ziwe nene ili zisisukumwe nje, na fundi asiyefunzwa asiguse.

Tairi za bure zisizo bure

Huko Taos, jimbo la New Mexico nchini Marekani, msanifu Michael Reynolds alianza katika miaka ya 1970 kujenga kwa takataka. Nyumba zake zimezikwa nyuma na pembeni, na upande wa kusini una vioo vya kuingiza jua, kwa kuwa jangwa la huko liko juu sana na lina theluji wakati wa baridi. Ukuta mkuu ni wa tairi kuukuu zilizoshindiliwa udongo wa kiwanjani.

Wazo hilo limewavutia wengi kwa sababu tairi kuukuu Marekani ni mzigo ambao wenye nao hulipa ili waondolewe. Lakini mwekezaji apige hesabu ya jasho. Tairi moja ikijazwa na kushindiliwa kwa nyundo nzito hufikia uzito wa kilo 130 au zaidi. Meta moja ya mraba ya ukuta inahitaji tairi zipatazo sita. Ukuta wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2 na nusu unameza tairi 150, yaani karibu tani 20 za udongo kupita kwenye mikono ya vibarua.

Tena hapa kwetu tairi kuukuu ina wateja wake. Mafundi wa katambuga wanaihitaji, na wenye kukata kamba na mipira ya kufungia mizigo pia. Mnunuzi wa tairi 150 kwa mkupuo atapandisha bei mwenyewe. Kifaa ambacho ni taka Taos kinaweza kuwa malighafi Dar es Salaam.

Somo lingine la Taos ni kibali. Mvutano na wenye mamlaka ya ujenzi ulimfanya Reynolds akae miaka kadhaa bila leseni yake ya usanifu. Ni mwaka 2007 tu jimbo lilipopitisha sheria ya kuruhusu maeneo maalumu ya majaribio. Mwenye kujenga kwa kifaa kisichozoeleka aende halmashauri na michoro ya mhandisi kabla ya kuchimba. Aulize benki pia, kwa sababu nyumba isiyothaminishwa kwa urahisi ni dhamana dhaifu ya mkopo.

Pima udongo kabla ya kumlipa fundi

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Jaza udongo theluthi moja ya chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa vizuri, iache kwa siku moja. Mchanga utatua chini mara moja, tope laini litafuata, na mfinyanzi utakaa juu kabisa. Kwa matofali ya kukausha juani, mfinyanzi wa kati ya asilimia 15 na 30, na mchanga mwingi, ni mchanganyiko mzuri. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Ukipungua, linamomonyoka.

Kwa tofali la kushindilia kwa mashine ya mkono, aina ambayo chimbuko lake ni Colombia katika miaka ya 1950, huongezwa saruji ya asilimia 5 hadi 8. Kwa kiwango cha asilimia 6, meta moja ya ujazo ya tofali hizo inahitaji mifuko miwili na robo ya saruji, dhidi ya ile sita au saba ya zege. Tofali halichomwi, na hiyo ni akiba nyingine mahali pasipo na kuni. Udongo wenye mfinyanzi mwingi huelewana zaidi na chokaa kuliko saruji.

Kuna mitego minne ya jangwani. Mchanga wa vilima vya upepo ni mwembamba na wa mviringo mno, haufai kwa zege. Udongo wenye chumvi au jasi hula saruji polepole. Dalili yake ni unga mweupe unaotokeza juu ukikauka. Udongo mweusi unaovimba ukilowa husukuma ukuta uliozikwa mpaka unapasuka, hivyo usitumike kufukia nyuma ya ukuta. Na kwenye miamba ya granaiti, iliyo mingi Dodoma na Singida, gesi ya radoni inaweza kutoka ardhini na kujikusanya ndani. Haina harufu wala rangi. Matundu ya hewa si pambo katika nyumba hizi, na mlango wa pili wa kutokea wakati wa moto ni wa lazima.

Nani atauza nini

Muuza saruji anaweza kuona nyumba za udongo kama adui. Takwimu zilizotajwa hapo juu zinamwambia kuwa mifuko itapungua kwa kila nyumba, ingawa haitakwisha. Nafasi inafunguka kwa bidhaa nyingine: chokaa, nailoni nzito ya kuzuia maji, lami, mabomba ya kuondoa maji, mabomba ya hewa, na mashine za kushindilia matofali, ambazo mjenzi wa nyumba moja hana sababu ya kuzinunua lakini atazikodi kwa wiki kadhaa. Katapila la kukodi nalo lina kazi, kwa kuwa siku mbili za mashine hufanya kazi ya vibarua ya wiki nyingi.

Mwenye kujenga naye anaweza kupanga manunuzi yake katika mafungu matatu. Fungu la kuchimba: udongo wa kuta, matofali, mawe ya msingi na kifusi cha kufukia. Fungu la kununua karibu: chokaa, kokoto, mbao kidogo. Fungu la kuletwa kutoka mbali: kizuia maji, nondo, vioo, mabomba na kiasi cha saruji. Fungu la tatu likizidi mawili ya kwanza kwa gharama, nyumba hiyo imeshaacha kuwa ya vifaa vya hapo, hata kama imefukiwa mpaka darini, na ni afadhali kujenga ya kawaida yenye kuta nene.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nyumba ya ardhini linafunguliwa kwa kurasa tatu kabla ya jembe la kwanza kugusa kiwanja: wastani wa joto wa mwaka, mvua kubwa kuliko zote ambayo wazee wa eneo hilo wanaikumbuka, na chupa ya udongo iliyolala usiku mmoja mezani. Ukurasa mmoja ukikosekana, mwenye fedha asubiri.